INI LENYE MAFUTA: HABARI ZA UTUMBO NA CHEMBE SAHANI ZA DAMU

Mafunzo ya Redio kwa Watu Wazima. Somo la Afya, kama lilivyosomwa na Afisa Elimu kwa vikundi vya wasikilizaji vya Ole, Pemba.

Natumai mmekwisha kukaa vizuri, na kila kikundi kina ubao wake na chaki, kwani leo tutafanya hesabu kidogo kabla ya kuagana.

Somo la leo nimelipata hapa hapa Ole. Siku moja, baada ya darasa la jioni, alinijia mzee mmoja aliyesoma nasi tangu mwanzo. Alingoja mpaka wenziwe wakaondoka wote, ndipo akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Ilikuwa ni majibu ya picha ya tumbo, ile ipigwayo kwa mawimbi ya sauti, ambayo watu huiita altrasaundi. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, akaniomba nimsomee. Yalisema kwamba ini lake lina mafuta.

Nilipomweleza hivyo aliinama, akasema, "Mwalimu, ndivyo alivyonambia yule aliyenipiga picha. Kisha akaniuliza nakunywa kiasi gani. Mimi sijapata kuonja ulevi tangu nizaliwe, na mke wangu alikuwa pale pale akasikia. Tangu siku hiyo nyumbani hapana raha."

Basi nikaona kwamba mzee huyu haogopi kufa. Aogopa kuvunjikiwa na heshima aliyoijenga kwa miaka hamsini na ushei. Nimemwomba ruhusa nikisimulie kisa chake bila ya kumtaja jina, naye amekubali. Alisema, "Sema, ili na wengine wasikie."

Kwanza tulimalize hilo la ulevi. Ni kweli kwamba pombe hutia mafuta katika ini, na madaktari wamelijua jambo hilo zamani sana. Lakini mwaka 1980 daktari mmoja aitwaye Jürgen Ludwig, wa Mayo Clinic huko Marekani, pamoja na wenziwe, walitoa habari za wagonjwa 20 ambao vipande vya ini lao, vilipotazamwa kwa darubini, vilifanana kabisa na vya walevi, na hali wagonjwa wenyewe hawakuwa walevi. Wengi wao walikuwa wanene, na baadhi walikuwa na kisukari. Mpaka wakati ule ugonjwa huo haukuwa hata na jina. Hebu fikirini ni watu wangapi kabla ya hapo walioapa mbele ya madaktari wao wasisadikiwe!

Kwa muda wa miaka mingi baadaye ugonjwa huu uliitwa ini lenye mafuta lisilo la pombe. Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini vya nchi mbalimbali vilikubaliana kulibadilisha jina hilo. Sababu moja ni kwamba jina linalotaja pombe humtia mgonjwa aibu hata likiikana pombe yenyewe. Jina jipya linauhusisha ugonjwa na mambo yaendayo pamoja nao, yaani unene wa tumbo, sukari, shinikizo la damu na mafuta ya damu. Wala si ugonjwa wa watu wachache: hesabu za ulimwengu zaonyesha kwamba katika watu wazima 10, kiasi cha 3 wanao. Tena hauambukizi. Usiuchanganye na homa ya ini, ile iletwayo na virusi, ambayo hupita kwa damu na kwa njia nyingine. Sahani ya mwenye ini la mafuta unaweza kulia pamoja naye, usihofu kitu.

Sasa, mafuta hayo yatoka wapi? Hapa yatupasa tuanze chini, utumboni.

Chakula kikisha kusagika, sehemu kubwa ya kile kinachonyonywa huingia katika damu iliyozunguka utumbo. Damu hiyo hairudi moyoni moja kwa moja. Hukusanywa katika mshipa mmoja mkubwa, madaktari huuita mshipa wa lango, ukaipeleka katika ini kwanza. Kiasi cha robo tatu ya damu yote iingiayo inini hupita katika mshipa huu. Kwa hiyo ini ni kama afisa wa forodha pale bandarini Mkoani: kila mzigo hupita mkononi mwake, akaufungua, akautazama, akauruhusu au akauzuia. Mzigo ukiwa safi, kazi ni nyepesi. Ukiwa umechanganyika na vitu viovu, kila siku, mwaka baada ya mwaka, hata afisa mwema huchoka.

Na utumbo, ndugu zangu, si bomba tupu. Ndani yake mnaishi bakteria wasiohesabika, wa namna nyingi sana, na walio wengi si adui zetu. Wao hula makapi, yaani zile nyuzinyuzi za mboga, kunde na nafaka ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga, na katika kula kwao hutoa namna ya tindikali laini ambazo hulisha ukuta wa utumbo. Tukiwanyima makapi, njaa huwashika. Katika panya imeonekana kwamba bakteria waliokosa makapi huanza kuula ule ute unaoufunika ukuta wa utumbo. Ukuta ukishapungukiwa na ute na kulegea, vipande vya bakteria waliokufa hupenya, vikaingia katika mshipa wa lango, vikafika inini. Huko ini lina askari wake, nao wakiviona vipande hivyo hudhani wamevamiwa, wakawasha moto. Ini huvimba. Ini lenye mafuta peke yake laweza kukaa miaka mingi bila ya madhara makubwa. Ini lenye mafuta na moto ndilo linaloanza kufanya makovu.

Wataalamu wa China walitoa mwaka 2019 habari ambayo ilinifanya nimkumbuke mzee wetu. Walikuwa na mgonjwa mmoja mwenye ini bovu la mafuta ambaye damu yake ilikuwa na pombe kila alapo chakula kingi cha wanga na sukari, ijapokuwa hakunywa kitu. Walipochunguza choo chake walikuta bakteria aitwaye Klebsiella, wa namna ambayo huigeuza sukari kuwa pombe mle mle utumboni. Kisha wakachunguza wagonjwa wengine wa ini la mafuta, wakawakuta bakteria hao kwa kiasi cha 60 katika kila 100. Walipowatia panya bakteria wale, ini za panya zikaingia mafuta. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wa Ole, maana hakuna aliyempima hilo, na wala mimi si shehe hata nitoe hukumu ya pombe ambayo mtu hakuinywa. Nataka mjue tu kwamba mtu aweza kupata ini kama la mlevi na kinywa chake kikawa safi.

Hata hivyo, mara nyingi hapana haja ya kuwatafuta bakteria wa ajabu namna hiyo. Sukari ya kawaida yatosha. Nusu ya sukari ya dukani ni ile sukari ya matunda, ambayo karibu kazi yake yote huishia katika utumbo na ini, na ikizidi ini huigeuza kuwa mafuta. Tunda zima halina ubaya, kwa kuwa sukari yake imefungwa ndani ya makapi, nayo huingia polepole. Lakini chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari kiasi cha gramu 35 hadi 40, nayo ni karibu vijiko 9 vya chai. Mtu anayekunywa soda moja mchana, na chai tatu za vijiko vitatu vitatu, amekula vijiko 18 kabla hajagusa andazi wala halua.

Juu ya chakula, tunao ushahidi wa nchini kwetu wenyewe. Mwaka 2014 ilitangazwa habari ya Wahadza wanaokaa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania Bara, watu wanaokula mizizi, matunda ya mwitu, asali na nyama ya kuwinda. Bakteria za matumbo yao zililinganishwa na za Wataliani wa mji wa Bologna, na zile za Wahadza zilionekana kuwa za namna nyingi zaidi. Na mwaka 2025 wataalamu wa Moshi pamoja na wenzao wa Uholanzi walitoa matokeo ya mtihani waliowafanyia vijana 77 wenye afya wa Kilimanjaro. Baadhi yao, watu wa shamba, walibadilishiwa chakula kwa juma mbili wakapewa cha kizungu, vya kukaangwa na vya viwandani. Wengine, watu wa mjini, walipewa chakula cha asili cha mboga, kunde, ndizi na nafaka. Walipima damu zao. Wale waliohamia chakula cha viwandani, dalili za moto mwilini zilizidi. Wale waliorudi katika chakula cha asili, zilipungua. Juma mbili tu! Mtihani huo haukuwa wa ini, lakini moto ule ndio ninaousema.

Kwa hiyo nikisema kisamvu, mchicha, kunde, choroko, mbaazi, muhogo wa kuchemsha na samaki, msidhani kwamba nawarudisheni katika umaskini. Najua kwamba mtu aliyekula muhogo miaka ya dhiki hapendi kuambiwa leo aurudie. Mimi mwenyewe ni katika hao. Lakini chipsi na soda ya duka la njia panda si maendeleo ya ini.

Wapemba si wageni katika elimu ya matumbo. Minyoo ya watoto wa skuli zetu imesomwa na kutibiwa kwa miaka mingi, na pale Wawi, Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000. Kwa hiyo mtu akikutaka choo chako apime, usicheke.

Sasa tuje kwenye damu.

Katika damu mna chembe nyekundu na chembe nyeupe, mmezisikia. Ziko na nyingine ndogo zaidi, ziitwazo chembe sahani, kwa kuwa zikitulia zina umbo la kisahani. Katika tone dogo la milimita moja ya mchemraba mna chembe sahani 150,000 hadi 400,000 au zaidi kidogo, na kila moja huishi kiasi cha siku 8 hadi 10 tu. Ukijikata na kisu, ndizo zinazokimbilia jerahani, zikashikana, zikaziba. Tungelikosa chembe hizi, mwiba mmoja ungelitumaliza.

Lakini chembe sahani hazingoji kisu tu. Pahali popote penye moto mwilini huenda, na zikifika hunata, zikawaita askari weupe waje kwa wingi. Mwaka 2019 wataalamu wa Zurich na Heidelberg walionyesha kwamba katika ini la panya lenye mafuta chembe sahani hujikusanya na kuushika ukuta wa mishipa, zikawashikilia askari wa ini, zikauongeza moto. Panya waliopewa dawa za kuzizuia chembe hizo walikuwa na ini lenye nafuu, na saratani ya ini ikawapata kwa uchache. Hivyo mtumishi yule yule anayeziba jeraha ndiye anayechochea kuni hapa.

Zingatieni sasa jambo la pili, maana linaonekana kama ni kinyume cha la kwanza. Ini likisha kujaa makovu, chembe sahani hupungua. Sababu ni mbili. Damu ya mshipa wa lango hukuta njia imezibwa na makovu, ikarudi nyuma, bandama ikavimba, na bandama iliyovimba huzikamata chembe sahani na kuziweka. Tena ini ndilo linalotengeneza ule ujumbe unaouamrisha uboho wa mifupa utoe chembe sahani, na ini bovu hutoa ujumbe mdogo.

Watu wa kando ya Ziwa Viktoria wanaijua habari hii kwa njia ya ugonjwa mwingine. Kichocho chetu cha Pemba ni kile cha mkojo. Kule ziwani kiko kichocho cha matumbo, ambacho minyoo yake hukaa katika mishipa ya utumbo, na mayai yake huchukuliwa na mshipa wa lango mpaka inini, yakafanya makovu. Mgonjwa huvimba bandama, chembe sahani zikashuka, na mwisho huenda akatapika damu. Hapo chanzo ni mnyoo na hapa kwetu chanzo ni mafuta, lakini njia ni moja: utumbo, mshipa wa lango, ini, bandama, damu.

Basi chembe sahani ni kama kengele. Na uzuri wake ni kwamba huhesabiwa katika kile kipimo cha kawaida cha damu kamili. Madaktari hutumia hesabu moja iliyotungwa mwaka 2006, kwanza kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa pia na homa ya ini ya C, kisha ikaonekana yafaa hata kwa ini la mafuta. Chukueni chaki.

Andikeni umri wa mtu. Uzidisheni kwa kipimo cha ini kiitwacho AST. Wekeni pembeni. Sasa chukueni chembe sahani kwa maelfu, yaani 130,000 iandikeni 130, mkazizidishe kwa kipeuo cha pili cha kipimo kiitwacho ALT. Hesabu ya kwanza igawanyeni kwa hii ya pili.

Tuseme mtu ana miaka 52, AST yake 48, ALT 36, chembe sahani 130. Mara ya kwanza, 52 mara 48 ni 2,496. Kipeuo cha pili cha 36 ni 6, na 130 mara 6 ni 780. Gawanyeni: 3.2. Hesabu ikizidi 2.67, hofu ya makovu ni kubwa, na mtu yule apelekwe kwa daktari wa ini. Ikiwa chini ya 1.3, hofu ni ndogo. Katikati, apimwe zaidi. Sasa mpeni mtu yule yule chembe sahani 260 badala ya 130, msibadilishe kingine chochote. Mtapata 1.6. Mmeona chembe sahani zilivyo na uzito?

Tahadhari hapa. Hesabu hii haimfai kijana wa chini ya miaka 35, na kwa aliyepita 65 mpaka wa chini huwekwa 2.0 badala ya 1.3. Wala isifanywe mtu akiwa na homa. Malaria huzishusha chembe sahani, na homa ya dengi vile vile, hali ini lake halina kovu. Ngojeni apone kwanza. Na nyinyi si madaktari, nami si daktari. Karatasi ya hesabu ni ya kumwonyesha daktari aliyeshughulika, ili mumuulize swali kwa adabu.

Jambo la mwisho ni aspirini. Nalisema kwa kuwa najua vidonge hivi vimo madukani, na mtu akisikia kwamba chembe sahani huchochea moto, kesho atakwenda kuvinunua. Ni kweli kwamba mwaka 2024 madaktari wa Boston walitangaza jaribio la watu 80 wenye ini la mafuta ambalo halijasinyaa. Nusu yao walikunywa aspirini kidogo, miligramu 81 kwa siku, kwa miezi 6. Nusu yao kidonge kisicho na dawa. Waliokunywa aspirini, mafuta ya ini yalipungua kwa sehemu 6.6 katika mia. Wenzao yaliongezeka kwa 3.6. Ni habari njema, lakini ni watu 80, na ni miezi 6. Aspirini hutoboa matumbo ya watu wengine wakatokwa na damu, na yule ambaye chembe zake zimekwisha kushuka, ndiye atakayedhurika zaidi. Msinunue. Wala msinunue hizo chupa za dawa ya kusafisha ini zinazotembezwa sokoni. Ziko dawa za mitishamba ambazo zenyewe huliharibu ini.

Linalojulikana kwa yakini ni la kuchosha zaidi. Mtu mnene akipunguza sehemu 7 hadi 10 katika mia za uzito wake, polepole, mafuta ya ini hupungua na moto hutulia. Kwa mtu wa kilo 80 ni kilo 6 hadi 8. Kutembea kwa miguu husaidia hata kabla uzito haujapungua. Na kwa wapenzi wa baraza ninayo habari moja nzuri: wanywaji wa kahawa wameonekana kuwa na makovu machache ya ini kuliko wasiokunywa. Kahawa chungu, mabwana. Kashata mwachieni muuzaji.

Yule mzee alikwenda tena kupima, safari hii damu. Alirudi na karatasi, tukaifanya hesabu ubaoni sote wawili. Miaka 54, AST 40, ALT 49, chembe sahani 240. Nitawaachieni muifanye wenyewe katika vikundi, na jibu mtalipata mkikumbuka kwamba kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Nitasema hili tu, kwamba alicheka.

Juma lililofuata alikuja darasani na mkewe. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: je, na yeye akapimwe, kwani miaka thelathini wamekula chungu kimoja, na sukari ya chai aitiaye ni yeye. Nilimjibu kwamba ndiyo, akapimwe.

Juma lijalo, inshallah, tutasoma habari za shinikizo la damu. Kila kikundi kije na majibu ya hesabu. Kwaherini.